Shule zifunguliwe au zisifunguliwe? Swali la 2020 bado linaulizwa

Mara nyingi safu hii huzungumzia kuhara, minyoo na usafi wa choo. Leo tuangalie swali ambalo wazazi wa Lupaso na vijiji jirani bado wananiuliza kituoni: yakija tena maradhi kama Corona, watoto wabaki nyumbani au waende shule?

Tukumbushane kwanza. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Siku hizo zikaongezwa. Vyuo vikuu na kidato cha sita wakarudi Juni 1, na waliobaki wote Juni 29. Lakini takwimu za Serikali zilikuwa zimekoma tangu mapema Mei, zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21. Kwa hiyo mzazi aliambiwa ampeleke mtoto bila kujua kama maradhi yamepanda au yameshuka. Mwezi mmoja baadaye, Julai 29, umati mkubwa ulikuja hapa Lupaso kumzika Rais mstaafu Benjamin Mkapa, na hata baada ya mkusanyiko ule tulibaki tunakisia tu.

Katika mjadala ule wapo waliosema tawakkul inatosha, ajali ya mtu haisogei. Wengine wakasema mtoto hatoki mpaka maradhi yaishe kabisa. Wote wangefaidika na kisa cha Sayyidna Umar (RA) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari za tauni. Aliwaita Maswahaba makundi kwa makundi, wakatofautiana, ndipo akaamua kurudi. Abu Ubayda (RA) alipomhoji kama anaikimbia qadar ya Allah, alijibu kwamba anatoka katika qadar moja kwenda nyingine. Kisha Abdurrahman bin Auf (RA) akawapa aliyoyasikia kwa Mtume (SAW), kwamba palipo na tauni pasiingiwe wala pasikimbiwe. Zingatia ile shura. Haikutajwa popote shule ifungwe miezi mingapi. Hilo ni la kupima madhara kwa madhara.

Haya tupime. Watoto wengi walioambukizwa Corona waliugua kidogo tu, homa na mafua, wakapona. Walioumia zaidi ni wazee na wenye kisukari, shinikizo la damu au moyo. Sasa mtoto wetu analala wapi? Mara nyingi chumba kimoja na bibi yake. Kwa hiyo hofu ya wazazi haikuwa ya kipuuzi.

Lakini huku kwetu Masasi na Newala mtoto asiyekwenda shule hakai bure. Mei na Juni mikorosho inaanza kupuliziwa salfa, naye hupelekwa shambani, vumbi likamwingia machoni na kifuani. Msichana asiye na shule huonekana ameshakuwa mtu mzima. Na wakati ule aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi darasani; ruhusa ilitangazwa Novemba 24, 2021. Kwake yeye miezi mitatu ya kufunga iligeuka kuwa maisha yote. Wenzetu Uganda walifunga tangu Machi 2020, na shule zote zikafunguliwa Januari 10, 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa, na wengi hawakurudi tena. Kenya walianza na madarasa ya mitihani Oktoba 2020, wengine wakafuata Januari 2021.

Mimi naona kufungua kulikuwa sahihi. Kufungua bila takwimu na bila maji ndiko kulikokuwa na kasoro. Uwanda wa Makonde hauna mito. Maji ya Newala hupandishwa kutoka bondeni Mitema, na yakikatika mtoto hubeba dumu kutoka nyumbani. Shule ya namna hiyo ihimizwe kuvuna maji ya mvua na kutengeneza vibuyu chirizi, maana kikombe kimoja cha maji kinatosha kunawa. Wapo wanaoniambia udhu mara tano unatosha. Udhu ni ibada na ni usafi, lakini kinyesi na mafuta ya mkononi havitoki vizuri bila sabuni. Isitoshe, mtu anaweza kuwa na udhu tangu Adhuhuri hadi Alasiri huku ameshapenga kamasi mara kumi.

Corona husafiri zaidi kwa hewa. Hivyo madirisha ni muhimu kuliko ndoo. Nasema hili hasa kwa madrasa zetu: watoto wengi katika chumba kimoja, wote wanasoma kwa sauti, na sauti kubwa hutoa mate mengi. Wapo wazazi waliozuia shule lakini jioni wakapeleka madrasa. Ugonjwa hausomi kibao cha mlangoni. Ustadhi atoe mikeka barazani au chini ya mwembe.

Na kila maradhi yana njia yake. Machi 2025 Wizara ya Afya ilithibitisha mpox nchini. Hiyo huenea zaidi kwa kugusana ngozi, kwa hiyo jambo la kwanza si kufunga shule bali kumtenga anayeugua. Mtoto mwenye homa na malengelenge yenye usaha aletwe kituoni kabla ya kwenda darasani au madrasa, na shuka, kanzu na taulo lake visitumiwe na mwingine.