Mawe Mawili ya Zuhura

Tarehe 1 Machi 1982 chombo cha Muungano wa Kisovieti kiitwacho Venera 13 kilitua juu ya sayari ya Zuhura. Siku nne baadaye Venera 14 ilitua umbali wa kilomita 950 hivi kutoka hapo. Kila chombo kilitoboa ardhi kwa keekee, kikavuta chembe za mwamba ndani yake na kuzipima. Majibu yaliyotumwa duniani yalionyesha mawe mawili ya volkeno yanayolingana karibu kwa kila kitu, isipokuwa kimoja.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Joto la uso wa Zuhura hufikia nyuzi 465 za Sentigredi, na kanieneo ya hewa yake, ambayo karibu yote ni hewa ya ukaa, ni mara 90 hivi ya ile ya pwani zetu. Venera 13 ilistahimili dakika 127. Mwenzake dakika 57 tu. Chembe zilipokwisha kuingizwa katika kijumba chenye ubaridi zilimulikwa kwa mnururisho, nazo zikatoa eksirei. Kwa kuwa kila elementi hutoa eksirei za nguvu yake maalumu, kifaa kiliweza kutambua ni elementi zipi zilizomo na kwa kiasi gani.

Katika jiwe la Venera 13 silika ilikuwa asilimia 45 hivi, na katika la Venera 14 asilimia 49. Mwanafunzi asiharakishe kusema kwamba hiyo ni tofauti. Kosa la kipimo lilikuwa kama asilimia 3 kila upande, hivyo tarakimu hizo mbili haziwezi kutenganishwa. Mawe yote mawili ni ya jamii ya basalti, mwamba mweusi utokanao na lava. Lakini oksidi ya potasiamu ilikuwa asilimia 4 katika la kwanza na asilimia 0.2 tu katika la pili, yaani tofauti ya mara ishirini. Hapo hakuna kosa la kipimo liwezalo kuificha.

Je, tofauti hiyo yatoka wapi? Basalti huzaliwa pale mwamba wa manto, tabaka lililo chini ya ganda la sayari, unapoyeyuka. Hauyeyuki wote, bali sehemu yake ndogo tu. Atomu za potasiamu ni kubwa mno kwa nafasi zilizomo katika fuwele za manto. Kwa hiyo uowevu wa kwanza unapotokea, potasiamu karibu yote hukimbilia humo. Tuchukue mfano wa majani ya chai. Kijiko kimoja katika kikombe hutoa chai nzito. Kijiko hicho hicho katika sufuria kubwa hutoa maji yenye rangi hafifu. Vivyo hivyo, manto ikiyeyuka kidogo hutoa lava yenye potasiamu nyingi, na ikiyeyuka zaidi, potasiamu ile ile hutawanyika katika uowevu mwingi. Yawezekana pia kwamba manto yenyewe haikuwa na potasiamu sawa kila mahali.

Dunia yetu inayo mawe ya aina zote mbili. Jiwe la Venera 14 hufanana na basalti ya sakafu ya bahari kuu, ambako mabamba ya ganda huachana na manto huyeyuka kwa wingi. La Venera 13 lina jamaa zake katika Bonde la Ufa la magharibi: lava za Nyamulagira, katika milima ya Virunga, zina silika kidogo na potasiamu nyingi. Hata hivyo Zuhura haina mabamba yanayosogea kama yetu, wala bahari. Mawe yanafanana, njia zilizoyaleta hazilazimiki kuwa moja.

Kuna pengo jingine. Sodiamu ni elementi nyepesi, na eksirei zake ni dhaifu mno kwa kifaa kile. Kiasi chake kilikadiriwa tu. Upungufu huu si mdogo, maana sodiamu ni miongoni mwa vipimo vya kwanza atakavyo mwanajiolojia anapoliainisha jiwe la aina hiyo.

Suala la sodiamu linatukumbusha Ol Doinyo Lengai, mlima wa Tanzania ambao lava yake ni ya kabonati zenye sodiamu, karibu bila silika. Lava hiyo hutiririka kama maji katika joto lisilofika nyuzi 600, nusu tu ya lile la basalti. Chombo cha Marekani, Magellan, kilichochunguza Zuhura kwa rada tangu 1990 hadi 1994, kilionyesha mfereji uitwao Baltis Vallis, wenye urefu wa kilomita 6,800 hivi, kuupita hata mto Nile. Baadhi ya wataalamu wamependekeza kwamba ulichimbwa na lava ya kabonati, ambayo juu ya ardhi yenye nyuzi 465 ingechelewa sana kuganda. Wengine hushikilia basalti nyepesi yenye joto kali. Wazo la kwanza linavutia, lakini rada huonyesha umbo, si elementi.

Chombo cha mwisho kupima mwamba wa Zuhura kilikuwa Vega 2, mwezi Juni 1985. Mwaka 2023 watafiti waliolinganisha picha za Magellan za 1991 walitangaza kwamba tundu moja la volkeno karibu na mlima Maat Mons lilikuwa limepanuka na kubadilika umbo katika muda wa miezi minane. Kama huko kuna lava mpya, potasiamu yake haijapimwa.