Mbu hangoji kompyuta

MSOMAJI, huenda ukashangaa kukuta habari za kompyuta na ramani katika kurasa hizi za afya. Usifunue ukurasa mwingine bado. Tangu mbu jike wa malaria atage mayai majini hadi mbu wapya waruke, hupita siku 7 hadi 14 hivi, kutegemea joto na aina ya mbu. Anayetaka kuwaangamiza wakiwa viluwiluwi ana muda huo tu. Kompyuta yake ikichelewa kumwonyesha maji yalipo, basi amekwisha kushindwa.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika vita dhidi ya malaria, ngoja ngoja huleta homa.

Picha kutoka angani

Tuchukue mfano wa Zanzibar. Mwaka wa 2016 ulianzishwa huko mradi wa kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Mwaka wa 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth, Wales, pamoja na wenzao wa Zanzibar, walichapisha matokeo ya jaribio la kutafuta mazalio ya mbu kwa ndege kama hizo za bei nafuu. Waligundua kwamba safari moja ya dakika 20 yatosha kupiga picha zaidi ya hektari 30 za shamba la mpunga, na kila nukta ya picha ikawakilisha sentimita 7 za ardhi.

Hii ina maana kuwa hata dimbwi dogo huonekana. Mtu wa afya hahitaji tena kuzunguka kila jaruba akiwa na buti na kata ya kuchotea maji. Huenda moja kwa moja palipo na maji, akapima na kutia dawa.

Hata hivyo, dakika 20 za kuruka si mwisho wa kazi. Ndege hurudi na mamia ya picha ndogo ndogo, ambazo lazima ziunganishwe ziwe picha moja kubwa. Hapo ndipo matatizo huanza.

Kwa nini kompyuta hukwama?

Hebu tupige hesabu. Kwa nukta za sentimita 7, hektari 30 zina nukta zipatazo milioni 61. Kila nukta ina rangi tatu, kwa hivyo faili hiyo hufikia megabaiti 180 na zaidi. Unguja nzima, yenye kilomita mraba 1,600 hivi, ingehitaji karibu baiti trilioni moja.

Sasa fikiria afisa anafungua programu ya ramani aone kisiwa chote. Kioo cha kompyuta yake kina nukta milioni 2 tu. Lakini ikiwa picha haikutayarishwa, programu italazimika kuzipitia nukta zote ili imchoree picha ndogo. Diski inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde itachukua karibu saa tatu. Akisogeza ramani kidogo, huenda kazi ikaanza upya!

Wengi hudhani dawa ni kununua kompyuta mpya. Aghalabu si hivyo. Kilicho kigonjwa ni jinsi picha ilivyohifadhiwa.

Tiba ni hii

Kwanza, picha itengenezewe nakala ndogo za kutazamia, ambazo mafundi huziita piramidi. Nakala ya kwanza huwa nusu ya upana na nusu ya urefu wa picha yenyewe, ya pili nusu ya hiyo, na kuendelea. Afisa akitazama kisiwa chote, programu husoma nakala ndogo. Akikaribia shamba moja, husoma kubwa. Nakala zote kwa jumla huongeza thuluthi moja tu ya ukubwa wa faili, lakini saa tatu hugeuka sekunde chache.

Pili, picha ikatwe vigae. Picha iliyohifadhiwa mstari kwa mstari humlazimisha msomaji wa kona moja kupitia mistari mirefu asiyoihitaji. Ikiwa vigae vya nukta 256 kwa 256, programu huchukua vile vinavyohitajika tu.

Tatu, picha zote ziwekwe katika mfumo mmoja wa vipimo vya ramani tangu mwanzo. La sivyo, programu huzikokotoa upya kila zinapoonyeshwa.

Nne, kazi ifanyiwe kwenye diski ya kompyuta yenyewe, si kupitia mtandao wa ofisi unaokwenda kwa mwendo wa kobe.

Jihadhari na jambo moja. Kubana faili ili ziwe ndogo ni vizuri, lakini kuna njia za kubana zinazoharibu rangi kidogo. Macho hayatambui, lakini kompyuta inayotafuta maji kwa rangi yaweza kudanganyika. Picha za asili zitunzwe daima.

Nawe je?

Usidhani mambo haya ni ya wakulima wa mpunga peke yao. Mbu aitwaye Anopheles stephensi, mwenye asili ya Asia, aligunduliwa nchini Djibouti mwaka wa 2012. Mwaka wa 2023 watafiti wa KEMRI walitangaza kuwa amepatikana hapa Kenya, katika kaunti ya Marsabit. Huyu hupenda miji, na huzaa katika matangi na mapipa ya maji. Kwa hivyo mkazi wa mjini asijione yuko salama.

Ramani nzuri huonyesha tangi lililo juu ya paa. Haiwezi kukufunikia. Hilo ni jukumu lako, msomaji. Funika matangi vizuri, mwaga maji yaliyotuama katika magurudumu na mikebe, na ulale ndani ya chandarua kilichotiwa dawa. Ukipata homa, nenda ukapimwe damu mara moja.

Wenye kompyuta wafanye yao haraka, nawe ufanye yako. Mbu hamngojei yeyote kati yenu.