Baka Lisilowasha: Magonjwa ya Ngozi na Nywele, na Wakati wa Kwenda Hospitali

Mwamini anayesoma Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 13 na ya 14, hukuta kuhani akifanya kazi ambayo leo tungemwachia tabibu. Kuhani anatazama baka, anaangalia kama nywele zilizomo zimegeuka rangi, anamtenga mtu kwa siku saba, kisha anamtazama tena. Wataalamu wa Maandiko Matakatifu wanatufundisha kwamba neno la Kiebrania linalotafsiriwa "ukoma" katika sura hizo lilibeba magonjwa mengi ya ngozi kwa pamoja, na hata madoa ya nguo na ya kuta za nyumba. Sisi mapadre wa leo hatukurithi kazi hiyo. Hata hivyo waamini wanaendelea kutuonyesha ngozi zao, baada ya Misa, mlangoni pa sakristia, wakiomba baraka au mafuta. Tunawaombea kwa moyo wote, wala hatuoni aibu kusema pia kwamba mafuta yaliyobarikiwa si dawa ya fangasi. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, anaweka sala na tabibu katika fungu moja, wala haoni ugomvi kati ya hivyo viwili.

Makala haya yanahusu kosa moja tunalolikuta katika karibu kila jumuiya tunayoitembelea. Watu hupima uzito wa ugonjwa wa ngozi kwa muwasho. Kinachowasha usiku kucha hupelekwa duka la dawa kesho yake asubuhi; kisichowasha wala kuuma huachwa, hufunikwa kwa kitenge au kwa shati la mikono mirefu, na mwaka hupita. Mara nyingi mambo yako kinyume. Mengi yanayowasha yanatibika kwa urahisi, na baadhi ya yale yaliyo kimya ndiyo yanayoondoka na vidole, na macho, hata uhai.

Tuanze na yanayowasha, na kati ya hayo upele una haki ya kutangulia. Yeyote aliyelelewa katika seminari ndogo au shule ya bweni anaufahamu bila kufundishwa. Husababishwa na mdudu mdogo mno asiyeonekana kwa urahisi kwa macho, anayechimba vijinjia chini ya ngozi na kutaga mayai humo. Muwasho wake huzidi usiku, na hukaa hasa katikati ya vidole, viwikoni, kiunoni, makalioni na sehemu za siri. Ishara kubwa ni kwamba katika nyumba moja hajikuni mtu mmoja tu. Dawa zipo, mojawapo ikiwa ni ile losheni nyeupe ambayo wengi wanaijua kwa herufi BBE. Lakini dawa hushindwa kwa sababu ambayo si ya dawa: hupakwa mtoto anayejikuna, na wengine wote wa nyumba huachwa. Anayeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki mbili hadi sita kabla ya kuanza kujikuna, na muda huo wote anawaambukiza wenzake. Kwa hiyo nyumba nzima hutibiwa siku moja, mwili mzima hupakwa kutoka shingoni hadi nyayoni, na nguo pamoja na mashuka hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Watoto wachanga na mama wajawazito wapate kwanza maelekezo ya mhudumu wa afya. Muwasho ukiendelea wiki mbili au tatu baada ya tiba, hilo peke yake halina maana kwamba dawa imeshindwa, kwa kuwa ngozi huchukua muda kutulia. Ila vipele vikitoa usaha, au uso na miguu ya mtoto ikivimba na mkojo ukageuka rangi kama chai, apelekwe hospitali bila kuchelewa, kwa sababu vijidudu vinavyoingia kwenye mikwaruzo vinaweza kuleta madhara katika figo.

Choa nacho ni jirani wa kila nyumba. Ni fangasi inayochora duara, katikati pakiwa pametulia na ukingo ukiwa umeinuka na kuwasha. Ikiwa mwilini, marhamu ya fangasi huiponya, mradi ipakwe mfululizo kwa wiki kadhaa na isiachwe mara muwasho unapokoma. Ikiwa kichwani mwa mtoto, tunaiita mapunye, na hapo mambo hubadilika. Fangasi hiyo imeingia ndani ya shina la unywele, mahali ambapo marhamu hayafiki. Mtoto anahitaji vidonge, kwa kawaida kwa wiki sita au zaidi, na vidonge hivyo hutolewa na tabibu kadiri ya uzito wake. Wazazi wengi hupaka mafuta ya taa, majivu au betri iliyopasuliwa. Tunawasihi waache, ngozi ya kichwa cha mtoto huungua, na fangasi hubaki. Mapunye yakivimba kama jipu laini lenye usaha, mtoto apelekwe siku hiyo hiyo, maana mahali hapo nywele zinaweza zisiote tena. Na kinyozi, ambaye mara nyingi ni kijana wetu wa parokia, asafishe mashine yake kwa dawa ya kuua vijidudu baada ya kila kichwa, siyo jioni tu anapofunga.

Hapa tuseme neno juu ya dawa za kupaka zinazouzwa bila cheti. Baadhi yake huchanganya katika tyubu moja dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi. Steroidi hutuliza muwasho kwa haraka, na mnunuzi hurudi kumshukuru muuzaji. Lakini hiyo hiyo hulegeza ulinzi wa ngozi, na chini ya utulivu huo fangasi husambaa ikiwa imepoteza ule mduara wake, hata tabibu akiiona asiitambue kwa urahisi. Ikipakwa usoni kwa miezi, ngozi huwa nyembamba na chunusi hulipuka. Steroidi ni dawa nzuri mikononi mwa anayeijua. Wagonjwa wa pumu ya ngozi huihitaji kweli. Tatizo ni kuitumia kama mafuta ya kujipaka.

Jambo hilo linatuleta kwenye mkorogo. Hatutaki kuwahubiria akina dada na akina kaka juu ya uzuri wa rangi waliyopewa na Muumba. Wamekwisha kuyasikia hayo. Tunasema tu kinachomo ndani ya kopo. Pamoja na steroidi, krimu hizo zimekutwa na zebaki, ambayo hupenya ngozini na kuharibu figo, na haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuigeuza ngozi ya mashavu kuwa na weusi wa bluu usioondoka kwa urahisi. Yaani mtu analipa fedha ili apate kile alichokuwa anakikimbia. Aliyekwisha kutumia kwa muda mrefu amwone tabibu kabla ya kuacha, kwa kuwa ngozi iliyozoea steroidi hulipuka ikinyimwa ghafla.

Kuhusu nywele tutakuwa wafupi. Mama anayeona nywele zikinyonyoka kwa wingi miezi miwili au mitatu baada ya kujifungua asihangaike na masharti ya mganga wa kienyeji. Kwa kawaida hurudi zenyewe ndani ya mwaka mmoja. Hali kadhalika aliyetoka katika homa kali. Duara laini lisilo na magamba, linalotokea ghafla kichwani, halikunyolewa na mchawi usiku. Ni kinga ya mwili inayoshambulia mashina ya nywele, na daktari wa ngozi anaweza kusaidia. Linalotusikitisha zaidi ni paji la nyuso za wasichana wadogo. Inapokaribia Komunyo ya Kwanza watoto husukwa kwa kubanwa hata macho yanavutika. Mvuto huo ukirudiwa mwezi baada ya mwezi, nywele za pembeni hukatika, na mwanzoni huweza kurudi kusuka kukilegezwa. Ukiendelea kwa miaka, shina hufa na pengo hubaki. Msuko unaomliza mtoto umebana kupita kiasi.

Sasa tuje kwenye yaliyo kimya. Mwaka 1873 mambo mawili yalitokea mbali mbali. Huko Norway, daktari Gerhard Armauer Hansen aligundua bakteria anayeleta ukoma. Mwaka huo huo Padre Damian De Veuster, Mbelgiji wa Shirika la Mioyo Mitakatifu, alifika Molokai katika visiwa vya Hawaii kuishi na wakoma waliotengwa huko. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa mwaka 1884 alitumbukiza mguu katika maji ya moto, ngozi ikababuka, naye hakusikia maumivu. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba naye amekuwa mmoja wao. Alifariki tarehe 15 Aprili 1889, na Baba Mtakatifu Benedikto XVI alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Mguu ule usiosikia moto unafundisha tabia ya ukoma kuliko maelezo marefu, kwa maana ukoma hushambulia mishipa ya fahamu, na ishara yake ya kwanza mara nyingi ni baka lililofifia rangi au lenye wekundu wa shaba, lisilowasha wala kuuma, ambalo likiguswa halisikii. Pengine malaika hazioti hapo, wala jasho halitoki. Mtu huungua kwa sufuria bila kujua. Vidonda hufuata, kisha vidole hukunjamana, na kope hushindwa kufumba. Watu wanaposema kwamba ukoma hukata vidole, wanachokiona ni mwisho wa safari ndefu ambayo ingeweza kusimamishwa mwanzoni kabisa.

Tanzania bado inapata wagonjwa wapya kila mwaka. Kila Dominika ya mwisho ya mwezi Januari tunaadhimisha Siku ya Ukoma Duniani, iliyoanzishwa na Mkatoliki mlei wa Ufaransa, Raoul Follereau, mwaka 1954. Siku hiyo tunatoa sadaka kwa ajili ya wakoma kana kwamba ni watu wa mbali, kumbe huenda mwenye baka ameketi benchi la tatu, naye ananyamaza kwa kuogopa kwamba wakati wa kutakiana amani hakuna atakayempa mkono. Ukweli unaopaswa kutangazwa ni huu: ukoma haurithiwi, wala hauambukizi kwa kupeana mkono. Huenea kwa njia ya hewa, kutoka puani na mdomoni mwa asiyetibiwa, kwa watu wanaokaa naye karibu kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya binadamu wana kinga ya asili dhidi yake. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza mchanganyiko wa dawa: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Hunywewa kwa miezi 6 au 12 kadiri ya aina ya ugonjwa, na tangu mwaka 1995 hutolewa bure duniani kote. Mgonjwa akianza kuzinywa, baada ya muda mfupi hamwambukizi tena mtu. Lakini mshipa uliokwisha kufa, dawa haiufufui, na hapo ndipo kuchelewa kunapogharimu.

Ndugu zetu wenye ualbino wana kimya cha namna nyingine. Ngozi yao haina melanini ya kutosha kuwakinga na jua, na saratani huanza kama kidonda kidogo au gamba shavuni, sikioni au shingoni, lisilouma sana. Kidonda kinachokaa wiki nne bila kupona kwa mtu mwenye ualbino ni cha hospitali, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama. Losheni ya kukinga jua inatengenezwa Moshi mahsusi kwa ajili yao, na kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC tangu mwaka 1992 kimekuwa msaada mkubwa katika huduma hiyo. Kofia pana na mikono mirefu viwe sehemu ya sare yao ya shule na ya kwaya, bila mjadala.

Wenye ngozi nyeusi nao wasijidai. Saratani ya rangi ya ngozi kwetu hupenda kujificha mahali pasipo na rangi nyingi: wayoni, kiganjani, chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36 kwa saratani iliyoanzia kidoleni pa mguu. Doa jeusi linalokua wayoni, au mstari mweusi wa kucha unaopanuka, lionyeshwe.

Yapo pia yasiyongoja hata kesho. Mtu aliyeanza dawa mpya, kisha akapata homa, malengelenge mdomoni, macho mekundu na ngozi inayobabuka, aende hospitali saa hiyo hiyo pamoja na dawa aliyokuwa anatumia. Mkanda wa jeshi, yaani malengelenge yanayounguza upande mmoja wa mwili, hutibiwa vema zaidi ndani ya siku tatu za kwanza, na ukiwa karibu na jicho ni dharura. Mwenye kisukari asisubiri kidonda cha mguuni kinuke. Ngozi ikivimba, ikawa ya moto na homa ikapanda, ni vivyo hivyo. Tukumbuke kwamba kile ambacho maelezo ya kitabibu hukiita wekundu, kwenye ngozi yetu mara nyingi huonekana kama weusi uliozidi au zambarau. Tuguse kwa mkono tuone kama pana joto.

Anayekwenda zahanati asijipake kitu siku hiyo. Abebe tyubu zote alizokwisha kutumia, hata zile za mkorogo, na amtajie tabibu miti shamba bila kuficha. Mhudumu akishuku ukoma atamwomba afumbe macho, amguse ngozi kwa ncha ya pamba, naye aonyeshe kwa kidole mahali alipoguswa. Kipimo hicho huchukua dakika chache na hakiumi.