Moto wa biogesi unarukaruka? Usikimbilie kuni, toa maji kwenye bomba

Wafugaji wa Musoma, Bunda na Butiama wenye mitambo ya biogesi, hii inawahusu. Unawasha jiko, mwali unarukaruka, unakuwa wa njano, kisha unazimika. Wengi husema gesi imeisha na kurudi kwenye kuni. Mara nyingi gesi ipo, ila maji yameziba bomba.

Maji yanatoka wapi?

Samadi mtamboni imechanganywa na maji, kwa hiyo gesi inatoka ikiwa imejaa mvuke. Ikipoa njiani, mvuke unageuka matone, kama yale ya kwenye mfuniko wa sufuria.

Mita 1 ya ujazo ya gesi yenye joto la nyuzi 30 hubeba karibu gramu 30 za maji. Ikishuka hadi nyuzi 20 inabaki na gramu 17 hivi, nyingine zinamwagika bombani. Ukitumia mita 2 kwa siku, kwa mwezi ni zaidi ya robo tatu ya lita!

Maji hayo yakikutana na ile gesi ya harufu ya yai viza iliyomo kwenye biogesi, yanakuwa na tindikali inayokula koki na vyuma vya jiko.

Fanya hivi

1. Bomba liwe na mteremko, angalau sentimita 1 kwa kila mita. Likilegea kama kamba ya kuanikia nguo, maji yatatuama hapo hapo.

2. Sehemu ya chini kabisa fundi afunge tii na koki ya kutolea maji, kwenye kishimo chenye mfuniko. Kwa mitambo ya kuba la ardhini, kama ile ya mpango wa CAMARTEC wa Arusha ulioanza 2009, itafute kati ya mtambo na nyumba.

3. Fungua koki hiyo kila wiki, na mara mbili wakati wa baridi. Maji yakiisha na gesi ikaanza kutoka, funga.

4. Wakati wa kutoa maji, zima jiko. Asiwepo mtu na sigara wala kibatari karibu.

Moto ukiendelea kusumbua baada ya hapo, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, gesi inavuja, mwite fundi. Lisipotoa, ndipo uangalie kama samadi unayolisha inatosha.