Kindu: Asubuhi ya mbwa uwanjani Mikelenge, raha yake na karatasi inayokosekana

Siku ya posho, jua likianza tu kutoka upande wa Alunguli, uwanja wa mpira ulio karibu na kwetu hapa komini ya Mikelenge bado si wa wachezaji. Wao watafika baadaye, na mpira wao na makelele yao. Saa kumi na mbili asubuhi uwanja ni wa mbwa.

Hakuna aliyepanga jambo hilo. Hakuna kibao wala mlinzi. Vijana wawili watatu wanakuja na mbwa wao wamefungwa kamba shingoni, mwindaji mmoja anapita na wake watatu wasiojua kamba ni kitu gani, na wengine wanakuja wenyewe: wale mbwa ambao avenyu nzima inawalisha, lakini siku wakiuma mtu hakuna anayekubali kuwa ni wake.

Mimi huwa naenda na Batasema. Ndilo jina lake. Kwetu mbwa hupewa jina la kumsemea mwenyewe: unamwita kwa sauti ndani ya lupango, na jirani anayehusika anapata ujumbe wake bila ugomvi. Pale uwanjani yuko Hawashibi, yuko Mungu-Iko, na wako Bobi wasiopungua watano, hata ukiita Bobi mmoja wote wanageuza kichwa.

Anayefuga mbwa mjini anajua kwa nini tunaenda. Mbwa wa Kindu anafugwa kwa ajili ya wezi. Mchana kutwa anakaa na mnyororo chini ya mwembe, usiku analala nusu jicho. Mbwa wa namna hiyo hubweka kwa kila jani linaloanguka, huchimba mashimo, huuma sufuria. Lakini umfungue dakika 30 tu katikati ya wenzake, utaona nyama mwingine kabisa. Anainamisha miguu ya mbele mpaka kifua kinagusa majani, nyuma ameinua, mkia unacheza. Ule ndio mwaliko wa mchezo. Mwenzake akiitika, mmoja anakimbia na mwingine anafukuza, kisha wanabadilishana bila mtu kuwaambia. Akirudi nyumbani analala mpaka mchana, na lupango inapata amani.

Na sisi wenye mbwa tunapata yetu. Pale nimejua majirani ambao kwa miaka mingi tulikuwa tunasalimiana kwa mkono wa mbali tu. Mwindaji ndiye aliyenifundisha kutazama masikio kabla ya kutazama meno. Mbwa wake ni wadogo, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo, na hawabweki kama wengine. Porini huwafunga kengele ya mti shingoni ili ajue wako wapi. Ndugu za mbwa hao walitoka kwetu Kongo wakapelekwa Uingereza katika miaka ya 1930, wakaitwa basenji, na mwaka 1943 chama kikubwa cha wafuga mbwa wa Marekani kikawaandika rasmi kama kabila la mbwa lenye heshima yake. Leo huko wananunuliwa kwa dola nyingi. Hapa, mwenye sura kama hiyo analala chini ya meza ya muuza sombe, na anafukuzwa kwa kiatu.

Huko Marekani uwanja wa mbwa ni kitu chenye jina. Ule wa Ohlone, katika mji wa Berkeley, California, ulifunguliwa mwaka 1979 na unahesabiwa kuwa kati ya vya kwanza ulimwenguni. Viwanja vya namna hiyo vina ua pande zote na mara nyingi milango miwili inayofuatana, ili mmoja ukifunguliwa mwingine uwe umefungwa. Karibu na sisi, jijini Nairobi, msitu wa Karura unapokea watu na mbwa wao, kwa masharti kwamba mbwa awe na kamba. Sisi Mikelenge hatuna ua wala milango miwili, na sidhani kama hilo ndilo linalotukosesha usingizi. Uwanja wetu ni mkubwa na asubuhi hakuna gari.

Yako matatizo ya kila siku, na mengi yanatokana na sisi wenyewe. Jike likiwa na joto likaletwa uwanjani, siku hiyo hakuna mchezo: madume yote yanageuka adui. Mtu akija na mfupa ao na beignet mkononi, ni vivyo hivyo. Mkia ukisimama kama mti na manyoya ya mgongo yakiinuka, usingoje, mwite wako uende. Na usitie mkono katikati ya mbwa wanaopigana. Maji ya ndoo yanatosha. Kuna pia mavi. Saa mbili watoto watakuwa wanacheza pale bila viatu, na minyoo ya mbwa inaweza kupita kwenye ngozi ya mguu. Funza pia hubebwa na mbwa. Mimi huja na kijembe kidogo, wenzangu wananicheka, lakini mmoja ameanza kukiazima.

Halafu kuna majirani wasiotaka mbwa, nao wana haki yao. Maniema ni jimbo lenye Waislamu wengi. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yameenea Afrika ya Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja ikiwa kwa udongo. Mzee anayetoka kusali alfajiri na kanzu yake safi hana sababu ya kukutana na pua yenye maji ya Batasema. Si chuki. Dini hiyohiyo inakubali mbwa wa kuwinda na wa kulinda, na inasimulia juu ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kwa hiyo nimejifunza kupita njia ya nyuma, kamba ikiwa fupi, mpaka watu wa msikitini wamekwisha kupita. Haigharimu kitu.

Yote hayo yanavumilika. Jambo lisilovumilika tuliliona mwezi wa sita.

Asubuhi hiyo aliingia mbwa ambaye hakuna aliyemjua. Mwembamba, anatembea kama aliyelewa, mate yanatoka. Hakucheza na hakunusa mtu. Alimuuma Batasema kwenye bega, akapita, akamuuma mtoto wa jirani kwenye mguu, mtoto wa miaka minane aliyekuja kutazama tu. Vijana wakaokota mawe, wakamfukuza mpaka akapotelea upande wa mtoni. Tukapiga makofi kwamba ameshindwa. Lilikuwa kosa letu la kwanza, na nilielewa hivyo saa mbili baadaye tu.

Mbwa aliyeuma mtu, kama inawezekana kumfunga bila hatari, hufungwa na kutazamwa siku 10. Akiwa bado mzima baada ya siku hizo, basi siku alipouma hakuwa na kichaa cha mbwa kwenye mate yake, na familia inapumua. Akifa, muganga wa wanyama anaweza kupeleka kichwa chake kupimwa. Wetu alikuwa ameenda na jibu lake. Kwa hiyo mtoto alihesabiwa kuwa ameumwa na mbwa mgonjwa, basi.

Kosa la pili lilikuwa karibu kutokea. Wakati mama wa mtoto anafika, mmoja alikuwa tayari na jiwe nyeusi, lile tunaloweka kwa sumu ya nyoka, mwingine anatafuta pilipili. Bahati njema, muuguzi mmoja anayekaa avenyu yetu aliwafukuza wote. Aliomba sabuni na maji. Aliosha kile kidonda kidogo chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, saa mkononi, mtoto analia, sisi tunaona kama anapoteza wakati. Hakuwa anapoteza. Virusi vya ugonjwa huu haviendi kwa damu. Vinafuata mishipa ya fahamu polepole mpaka kwenye ubongo. Sabuni inaviua vikiwa bado mlangoni. Jiwe nyeusi haliwezi kuvivuta, na pilipili inachubua kidonda tu.

Safari hiyo ya kwenda kwenye ubongo kwa kawaida huchukua miezi miwili ao mitatu, mara nyingine juma moja, mara nyingine mwaka. Ndiyo sababu watu husahau. Mtoto anaanza kuogopa maji, kuchanganyikiwa, na hakuna anayekumbuka tena yule mbwa. Lakini dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linakadiria kwamba watu 59.000 hivi wanakufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote Afrika na Asia, na kwamba katika visa 99 kwa 100 ni mbwa aliyeuleta. Kati ya watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Nayo chanjo ilikwisha patikana tangu Pasteur alipomtibu mtoto Joseph Meister, mwaka 1885.

Mahali pa kwanza tulipofika hapakuwa na chanjo. Ya pili pia hapana. Mwishowe ilipatikana, kwa simu nyingi na pesa za kukopa. Sindano ya kwanza siku ileile, ya pili siku ya 3, nyingine siku ya 7, na ya mwisho kati ya siku ya 14 na ya 28. Mama wa mtoto aliandika tarehe hizo kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni asizisahau. Mtoto alimaliza zote. Anacheza mpira.

Kwa nini ni shida hivyo? Chanjo hii inataka baridi, kati ya nyuzi 2 na 8, muda wote. Kindu inafikiwa kwa ndege, kwa gari-moshi linalotoka Katanga likipenda, kwa barabara ambazo kila dereva anazijua, na umeme wetu hauna haja ya kuelezwa. Kila chupa inayofika ikiwa bado nzima ni ushindi. Kumchanja mtoto baada ya kuumwa, hapa kwetu, ni kumkimbilia mto uliokwisha kufurika.

Kumchanja mbwa ni rahisi zaidi. Wataalamu wanasema mbwa 70 kwa 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Si nadharia. Kisiwani Pemba, Zanzibar, walianza kuchanja mbwa kwa wingi mwaka 2010, na kufikia 2014 ugonjwa ulikwisha. Mwaka 2016 ukarudi kutoka bara, wakachanja tena haraka, na kisa cha mwisho kilionekana mwaka 2018. Najua Pemba imezungukwa na bahari na sisi tumezungukwa na pori. Lakini Pemba pia ni ya Waislamu, ya watu wanaosema Kiswahili, na ya mbwa wasiokuwa na mwenyewe.

Kitu kingine ambacho yule muuguzi alituambia: mbwa mwenye kichaa hawi mkali kila mara. Wengine wanapoa, taya linaanguka, hawawezi kumeza. Mwenye mbwa anafikiri mfupa umekwama, anatia mkono mdomoni kuutoa. Usitie.

Tarehe 28 mwezi wa tisa ni siku ya ulimwengu ya kupambana na kichaa cha mbwa. Pale uwanjani tumezungumza, wenye mbwa kumi hivi, tukamwona chifu wa kartye: siku hiyo muganga wa wanyama aitwe pale uwanjani, kila mmoja achangie sindano ya wake na nusu ya sindano ya mbwa mmoja wa avenyu, wale wasio na mwenyewe. Chifu ameuliza nani atawashika hao. Swali zuri. Mwindaji amesema yeye.

Na Batasema? Nilimchanja alipokuwa mdogo, hilo nakumbuka. Kurudia kila mwaka sikurudia, na karatasi yake ilipotea tulipohama nyumba. Muganga wa wanyama aliniambia waziwazi: bila karatasi, ni kama hakuchanjwa. Mbwa asiyechanjwa aliyeumwa namna hiyo, wengi wangemuua palepale. Nilikataa. Basi amechomwa sindano upya na kufungiwa miezi sita nyuma ya nyumba, ndani ya kibanda cha mbao chenye milango miwili, mahali watoto hawafiki. Chakula anapewa na mimi peke yangu, kwa sahani inayosukumwa kwa fimbo.

Atatoka mwezi wa kumi na mbili, kama hakuna kitu. Kila siku ya posho, saa kumi na mbili, anasikia wenzake uwanjani, anasimamisha masikio, na mimi namtazama anavyokunywa maji.