Miombo yachipua, na ugomvi nao



Huku Haut-Katanga mwaka mpya wa pori hausubiri mvua. Unaanza mwezi wa tisa, wakati joto ni kali na udongo umekauka. Miti ya miombo inatoa majani mapya, tena si ya kijani: ni mekundu, mengine yana rangi ya shaba. Mvua zikianza wanakuja viwavi, ambao Wabemba wanawaita finkubala, kisha uyoga, na wamama wanapanga mafungu kando ya barabara. Mahindi bado ni madogo shambani miezi hiyo. Kwa nyumba nyingi, pori ndiyo ghala.

Pori hilohilo ndilo linapikia Lubumbashi. Umeme unakatika, na wengine hawajaupata hata siku moja, basi mji unawasha makala. Katika tanuru la udongo, kilo 100 za kuni zinatoa kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Mchomaji anatafuta miti minene, na mutondo, mti ambao viwavi wanaupenda sana, ni mmoja wa ile anayoitaka. Anasema amelipa shefu. Wamama wanasema hakuna aliyewauliza. Mapanga yapo mikononi mwa pande zote mbili, kwa kuwa ni chombo cha kazi, na hilo peke yake linatosha kututia wasiwasi.

Sisi hatuamini kwamba mchomaji ni adui. Mara nyingi ni kijana asiye na kazi nyingine. Shida ni kwamba ruhusa inatolewa na mtu mmoja, wakati hasara inabebwa na kijiji kizima.

Sheria inatoa njia, ijapokuwa vijiji vingi havijaisikia. Kodi ya misitu ya 2002 ilikubali kwamba jamii inaweza kupewa msitu wake wa desturi. Dekreti ya tarehe 2 mwezi wa nane 2014 ilieleza namna: jamii inaomba, inapewa bila kulipia msitu wenyewe, mpaka hektari 50.000, na bila kikomo cha miaka. Amri ya waziri ya 2016 iliongeza vyombo vya kuusimamia: mkutano wa jamii yote, komite ya kuongoza, komite ya kuchunguza, na baraza la wazee ambalo kazi yake moja ni kusuluhisha magomvi. Karatasi ni nyingi na safari za mjini zinakula pesa, hatufichi. Lakini baada ya hapo mchomaji anajua aongee na nani, na mama anajua alalamike wapi.

Tena miombo haifi kwa shoka peke yake. Kisiki kinachipua upya, moto usipokiua. Kule Ndola, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, majaribio yaliyoanza 1933 yalionyesha jambo hilo waziwazi: sehemu zilizochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi ziligeuka nyasi na vichaka, na zilizokingwa na moto zikawa msitu mzito. Moto wa mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa na unyevu bado, unapita kwa upole. Wa mwezi wa tisa unakuta machipukizi mekundu na kuyamaliza.

Kwa hiyo mkikaa kuzungumza, wachomaji na wamama pamoja, anzeni na swali hili: moto wa mwaka huu utawashwa mwezi gani, na nani atauwasha?