Kimeta na Lugha ya Kinga ya Mwili

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi bakteria wa kimeta, yaani Bacillus anthracis, anavyoikwepa kinga ya asili ya mwili, na kuonyesha kwamba msamiati tunaoutumia kulieleza jambo hilo haujatosheleza. Mfano wetu ni Nakuru, ambako mnamo Julai 2015 kimeta kilizuka katika Mbuga ya Wanyama ya Ziwa Nakuru na kuua nyati kwa mamia.

Katika mafundisho ya afya tumezoea kuziita chembe nyeupe za damu "askari". Sitiari hiyo ina ukweli, kwani kinga ambayo kiumbe huzaliwa nayo ina chembe zinazomeza vijidudu na kuvisaga. Hata hivyo, neno "askari" humfanya msikilizaji atarajie vita vyenye dalili: mnyama akonde, azorote, ndipo afe. Bakteria wa kimeta hafuati utaratibu huo.

Kwanza, hujivika. Hujizungushia utando wa asidi ya glutamiki, ambayo umbo lake ni kinyume cha ile inayojenga protini za mwili, na chembe zinazomeza hushindwa kumkamata. Pili, hunyamazisha. Hutoa protini tatu: ya kwanza hujibandika kwenye chembe na kuwafungulia njia wenzake, ya pili hukata protini zinazopitisha ujumbe ndani ya chembe, ya tatu huidhoofisha chembe isiweze kumeza. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Bakteria huyu huiziba mbiu yenyewe.

Umuhimu wa kujivika ulidhihirika katika miaka ya 1930, wakati Max Sterne, huko Onderstepoort, Afrika Kusini, alipopata aina ya bakteria isiyo na utando. Aina hiyo bado hutoa sumu, lakini humezwa kwa urahisi. Nayo ndiyo msingi wa chanjo ya mifugo itumikayo hadi leo.

Hapa ndipo lugha inapogusa uhai wa watu. Ng'ombe mwenye kimeta aweza kulisha asubuhi na kufa jioni, bila dalili ila pengine damu isiyoganda itokayo puani. Mfugaji wa Gilgil au Naivasha aliyefundishwa kwamba ugonjwa ni vita atauona mzoga ulionona kuwa nyama salama. Akiupasua, damu hukutana na hewa, bakteria hugeuka spora, na spora hudumu udongoni miaka mingi.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba, kando ya "askari", mafundisho yetu yatumie pia vitenzi "kujivika" na "kunyamazisha". Mfugaji aelewe kwamba kifo cha ghafla cha mnyama aliyenona ndiyo dalili yenyewe: mzoga usipasuliwe, na daktari wa mifugo aitwe.